Maneno manane ya herufi tano: tuujue ukoo wa “ight”

 

Leo hatutabeba mzigo mkubwa. Tutajifunza maneno manane tu. Kila moja lina herufi tano, na herufi nne za mwisho ni zilezile: i, g, h, t. Kinachobadilika ni herufi moja ya mwanzo. Haya hapa, kwa kufuata alfabeti:

eight: nane
fight: pigano, kupigana
light: taa, mwanga, pia kitu chepesi
might: huenda
night: usiku
right: kulia, sahihi, haki
sight: uwezo wa kuona; mahali panapoonekana
tight: kilichobana, kilichokazwa

Nimeyachagua haya kwa sababu hapa Marekani utakutana nayo kila siku: kwenye kibandiko cha dawa, kwenye barua ya ofisi, barabarani, kazini, na kwenye simu kutoka shule ya watoto. Yanafanana kama watoto wa tumbo moja, na jicho lenye haraka huliona moja likadhani ni jingine. Ukiyatofautisha, utaweza kusoma kibandiko cha dawa yako mwenyewe saa hiyohiyo, bila kumsubiri mtoto arudi kutoka shuleni akusomee. Hilo ndilo lengo la somo hili: mzazi asome mwenyewe yale yanayohusu afya yake, muda wake na haki zake.

Tuanze na sauti

Sisi tunaozungumza Kiswahili tumezoea kutamka kila herufi tunayoiona. Tena “gh” tunayo kwetu: ghali, ghafla, ghorofa, lugha. Kwa hiyo tukiona “night” ulimi unataka kuitamka hiyo “gh”. Usiitamke. Katika maneno haya manane “gh” imeandikwa lakini iko kimya kabisa.

Zamani haikuwa kimya. Waingereza wa kale waliitamka kwa sauti iliyokaribia “kh” tunayoisikia katika neno “kheri”. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu na Kiingereza, bado wanayo: usiku kwao ni “Nacht” na nane ni “acht”. Waingereza waliiacha sauti hiyo polepole, lakini maandishi hayakubadilika. William Caxton alikuwa amekwisha kufungua mtambo wake wa kuchapa vitabu huko Westminster mwaka 1476, na vitabu vilivyochapwa vilisaidia kuyafanya maandishi ya zamani yabaki. Kwa hiyo ukiona “gh” iliyonyamaza, jua kwamba hiyo ni alama ya sauti iliyokufa. Iandike, lakini usiitamke.

Sasa matamshi. Maneno saba kati ya manane yana sauti ya “ai”, kama katika neno letu “maisha”. Yasome hivi: fait, lait, mait, nait, rait, sait, tait. Neno moja tu linajitenga: “eight” husomwa “eit”.

Angalia mwisho wa neno. Kiswahili hupenda kumaliza neno kwa irabu, ndiyo maana wengi wetu husema “naiti” na “laiti”. Mmarekani anaweza kushindwa kukuelewa. Na kwetu “laiti” ni neno jingine kabisa, la mtu anayejuta: laiti ningejua! Funga neno kwenye “t”, ulimi ubaki nyuma ya meno ya juu, usiongeze “i”.

Jambo la mwisho kuhusu sauti ni “l” na “r”. Wengi wetu lugha ya nyumbani ni Kirundi, Kinyarwanda au lugha nyingine ambamo sauti hizi mbili hukaribiana sana. Kiswahili kinatukumbusha tofauti: kula si kura. Kwa Kiingereza vivyo hivyo: “light” ni taa, “right” ni kulia. Kwa “l” ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Kwa “r” ya Kimarekani ulimi haugusi popote na hautetemeki. Jizoeze kwa sentensi hii, ambayo utaisikia sana ukiwa unaelekezwa njia: “Turn right at the light.” Maana yake: pinda kulia kwenye taa za barabarani.

Eight: nane inayotuletea taabu

Neno hili ni la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu saa yetu na saa yao hazihesabiwi sawa. Kwa Kiswahili siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwa Kiingereza huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na kuanzia adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Kwa hiyo ukiambiwa “Your appointment is at eight”, miadi yako si saa nane, ni saa mbili. Anayesikia nane akaenda saa nane mchana atakuwa amechelewa kwa saa sita, na huenda akasubiri wiki kadhaa apate miadi nyingine.

Ukiona AM, ni kuanzia usiku wa manane hadi kabla ya adhuhuri. Ukiona PM, ni kuanzia adhuhuri hadi kabla ya usiku wa manane. 8:00 AM ni saa mbili asubuhi. 8:00 PM ni saa mbili usiku. Hata mkalimani akikutajia saa kwa Kiswahili, muulize: “Samahani, ni saa ya Kiswahili au ya Kiingereza? Asubuhi au jioni?” Si utovu wa adabu kuuliza. Ni kuhakikisha.

Sasa njoo kwenye dawa. Kibandiko kinaweza kusema: “Take one tablet every eight hours.” Maana yake ni kunywa kidonge kimoja, kisha zipite saa nane, ndipo unywe kingine. Siku ina saa 24, kwa hiyo utakunywa mara tatu. Kwa mfano: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, na saa tano usiku.

Angalia mitego miwili hapa. Kwanza, “eight” iko karibu na “hours”, haiko karibu na “tablet”. Vidonge si vinane. Kidonge ni kimoja, na saa ndizo nane. Pili, mtu akikutafsiria “kila saa nane”, kwa Kiswahili maneno hayo yana maana mbili: kila baada ya saa nane kupita, au kila siku ifikapo saa nane mchana. Anayeelewa ile ya pili atampa mtoto wake dozi moja kwa siku badala ya tatu, na kama ni dawa ya kuua bakteria, ugonjwa unaweza usiishe. Uliza kwa hesabu: “Yaani mara ngapi kwa siku?” Jibu likiwa mara tatu, mmeelewana.

Night: usiku

“Take one tablet at night” ni kunywa kidonge kimoja usiku. Huwa ni dawa ambayo daktari ana sababu ya kutaka uinywe wakati huo, kwa mfano kwa kuwa inaleta usingizi. Ukiinywa asubuhi kisha ukashika usukani au ukasimama mbele ya mashine kiwandani, ni hatari.

Kazini utasikia “night shift”, zamu ya usiku. “Last night” ni usiku wa kuamkia leo, au jana jioni. “Tonight” ni leo usiku, na ukilitazama vizuri utaona “night” imelala ndani yake. “Good night” ni kama usiku mwema yetu: ni neno la kuagana. Ukiingia mahali jioni na unataka kusalimia, sema “Good evening.”

Light: taa, mwanga, wepesi

“Red light” ni taa nyekundu. Katika sehemu nyingi za Marekani dereva anaruhusiwa kupinda kulia kwenye taa nyekundu baada ya kusimama kabisa na kuhakikisha njia ni tupu, isipokuwa pakiwa na kibao cha “No turn on red”. Katika jiji la New York ni kinyume: hairuhusiwi isipokuwa kibao kiseme inaruhusiwa. Soma kitabu cha udereva cha jimbo lako kabla ya mtihani. Na ukumbuke kwamba hapa gari hukaa upande wa kulia wa barabara. Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi wamezoea hivyo, ila waliokulia Tanzania, Kenya au Uganda wamezoea kushoto.

“Light” ni wepesi pia. Ukiumia kazini, daktari anaweza kuandika “light duty”, maana yake kazi nyepesi. Karatasi hiyo ina maana kubwa. Usiiweke mfukoni ukarudi kubeba maboksi. Mpe msimamizi wako, na ubaki na nakala.

Right: neno lenye maana tatu

Maana ya kwanza ni kulia: “your right hand”, mkono wako wa kulia. Maana ya pili ni sahihi: “That is right”, hiyo ni sawa. Maana ya tatu ni haki, na hii ndiyo ninayotaka kila mzazi aitambue akiiona kwenye barua.

Ukipokea barua kwamba ombi lako la msaada wa chakula au la Medicaid limekataliwa au limekatwa, usiitupe kwa hasira. Tafuta ndani yake maneno “right to appeal” au “right to a hearing”. Yanakuambia kwamba unaweza kukata rufaa na kusikilizwa. Karibu na maneno hayo kutakuwa na muda wa mwisho. Utie alama kwa kalamu siku hiyohiyo, kisha utupigie. Muda ukipita, haki hiyo inaweza kukuponyoka hata kama kosa lilikuwa la ofisi.

Maneno mengine ya kukariri ni haya: “I need a Swahili interpreter.” Nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya nchi alikotoka, na jukumu lao la kumsaidia asiyejua Kiingereza limejengwa juu ya sheria hiyo. Hospitali inayopokea fedha hizo inatakiwa kukutafutia mkalimani, na hulipi. Usikubali mtoto wako wa miaka kumi awe ndiye anayekutafsiria ugonjwa wako. Ni mzigo usiomfaa mtoto, na anaweza kukosea.

Utasikia pia “the right to remain silent”, haki ya kukaa kimya. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1966 katika kesi ya Miranda, polisi wanatakiwa kumwambia mtu aliyekamatwa kuhusu haki hiyo, na haki ya kuwa na wakili, kabla ya kumhoji.

Tena, “right” na “write” husomwa sawasawa: rait. “Write” ni kuandika. Kwenye fomu utasikia: “Write your name on the right.” Andika jina lako upande wa kulia.

Might: huenda

Daktari akisema “This medicine might make you sleepy”, anasema dawa hii huenda ikakuletea usingizi. Si lazima itokee. Usiiache dawa kwa sababu umesikia neno hilo, bali jihadhari. Usichanganye “might” na “must”, ambalo nalo linaanza na “m”. “Must” ni lazima. “You must come on Monday” haina labda ndani yake.

Sight: kuona

“Eyesight” ni uwezo wa macho kuona. “Out of sight” ni mahali pasipoonekana. Dawa zote nyumbani ziwekwe juu na “out of sight”, watoto wasizifikie wala wasizione. Kinyume chake ni “in sight”, mahali panapoonekana. Ukiambiwa kwenye bwawa la kuogelea “Keep your children in sight”, usiwaondolee watoto macho hata kidogo.

Tight: kubana

Neno hili linaweza kuokoa maisha. Mtu akihisi kifua kimebana, sentensi yake ni: “My chest feels tight.” Piga 911. Kama Kiingereza kimekwisha mdomoni, sema neno moja, “Swahili”, ili wakutafutie mkalimani, na usikate simu.

Kiti cha mtoto cha gari nacho kinahitaji neno hili. Mikanda iwe “tight”. Jaribu kuufinya mkanda kwa vidole begani pa mtoto: ukipata cha kufinya, bado umelegea, ukaze.

Na Mmarekani akikuambia “Money is tight”, hasemi pesa zimekazwa mahali. Anasema mambo ya pesa yamembana.

Fight: pigano

Shule ikipiga simu ikasema “Your son was in a fight”, ujue mtoto amehusika katika kupigana. Omba mkalimani na uombe kukutana na walimu, ili maneno ya mtoto wako nayo yasikike.

Kwenu watu wazima, chagueni neno hili kwa uangalifu. Kwa Kiswahili tunatofautisha kugombana na kupigana. Kwa Kiingereza “fight” linaweza kuwa lolote kati ya hayo. Ukimwambia daktari au polisi “My husband and I fight”, anaweza kuelewa ngumi na kuanza kuchukua hatua. Kama yalikuwa maneno tu, sema “We argue.” Na kama kweli kuna kupigwa, usilifiche neno. Sema “He hits me”, ananipiga, nawe utasaidiwa.

Tufanye mazoezi nyumbani

Chukua karatasi, andika “ight” kwa herufi kubwa. Kata vipande vinane vidogo, kila kimoja kiwe na herufi moja: e, f, l, m, n, r, s, t. Familia ikikaa mezani, mmoja aweke herufi mbele ya “ight”, mwingine asome neno na kutaja maana yake. Anayekosea apishe mwingine. Dakika kumi kila jioni kwa wiki moja zinatosha. Babu na bibi wasiachwe nje, kwa sababu mchezo huu hauhitaji kujua kitu kingine chochote cha Kiingereza.

Sasa jaza nafasi hizi. Tumia kila neno mara moja tu:

1. Take one tablet every _____ hours.
2. Stop at the red _____.
3. I work the _____ shift.
4. My chest feels _____.
5. You have the _____ to appeal.
6. This medicine _____ make you sleepy.
7. Keep medicine up high and out of _____.
8. My son was in a _____ at school.

Kwa waliokwisha kuyameza hayo, ongezeni herufi moja mpate maneno ya herufi sita: “weight” ni uzito, “height” ni urefu wa mtu, “bright” ni kung'aa, “flight” ni safari ya ndege. Kliniki watampima mtoto wako “height” na “weight”. Yameandikwa kama mapacha, na yote mawili yamebeba “eight” ndani, lakini “weight” husomwa weit na “height” husomwa hait. Uzito hapa hupimwa kwa ratili, ambazo wao huziita “pounds”. Kilo moja ni kama ratili 2.2, kwa hiyo mtoto wa ratili 44 ana kilo 20. Dozi za watoto nyingi hutegemea uzito, basi jua wa mtoto wako kabla ya kufungua chupa.

Majibu: 1 eight, 2 light, 3 night, 4 tight, 5 right, 6 might, 7 sight, 8 fight.

Leo jioni, kabla ya kulala, toa dawa zote zilizomo nyumbani na barua ulizopokea mwezi huu. Tafuta ukoo wa “ight” ndani yake, na kila unapoupata, tazama herufi ya kwanza ndipo useme ni neno gani. Ukikuta sentensi ambayo hujaielewa, iwekee alama uje nayo ofisini, tuisome pamoja.